Kamba, jodari au dawa ya mgongo? Namna ya kutafuta chanzo cha aleji baada ya mlo wenye kila kitu

Viganja vilianza kuwasha saa 3:05 usiku, tukiwa kwenye mstari wa kwaito. Dakika naikumbuka kwa sababu mshereheshaji alikuwa ametoka kutangaza muda, akiwahimiza wanakamati wajiandae kuingiza ndafu. Nikajikuna, nikaendelea kucheza. Saa 3:15 mdomo wa chini ulikuwa mzito kama nimepigwa sindano ya ganzi ya jino. Saa 3:25 nilimwita mwanangu wa pili, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyekabwa.

Hiyo ilikuwa sendofu ya binti wa kaka yangu, Desemba 2022, hapa Moshi. Desemba kwetu kila mtu yuko nyumbani, sherehe zinapangwa mpaka siku zinagombaniwa. Wakwe walitoka Tanga na madeli mawili ya barafu, moja la kamba na moja la jodari. Mimi ni fundi cherehani. Kila msimu wa nguo za sherehe ukiisha mgongo unadai haki yake, na jioni ile nilikuwa nimemeza diklofenaki ili niweze kukaa ukumbini. Mchana nilikunywa mbege, usiku glasi moja ya waini. Kwenye bafe nilichukua karibu kila kitu. Ndiyo maana nilipoulizwa "umekula nini mama?" sikuwa na jibu moja la kutoa.

Mimi nilipewa jibu moja. "Una aleji ya vitu vya baharini, viache vyote." Nikaviacha. Miezi saba sikula samaki wala dagaa, sikugusa hata sato na perege ambao bahari hawaijui. Jirani akaongeza kwamba chumvi yenye madini joto nayo ni ya baharini, nikaanza kuiogopa chumvi. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba samaki hawakuwa na kosa lolote, na chumvi haikuhusika hata kidogo. Naandika kwa ajili ya mtu aliyepata kama yangu, anayetaka kujua ni kitu gani hasa, ili akiache hicho na vingine avile kwa amani.

Kama inatokea sasa hivi

Kutafuta chanzo ni kazi ya kesho. Mtu aliyekula akaanza kuvimba midomo au ulimi, sauti ikabadilika, akakohoa na kukoroma kifuani, akatapika mfululizo, akazungukwa na kizunguzungu au akazimia, huyo ni wa hospitali mara moja, na dawa anayohitaji ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge vya aleji kama setirizini au piritoni vinapunguza muwasho, lakini havifungui koo wala havinyanyui presha iliyoshuka. Haidrokotizoni nayo haifanyi kazi kwa haraka inayohitajika. Mlaze chali, miguu ikiwa juu kidogo. Kama anashindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe miguu ikiwa imenyooka mbele. Asisimame ghafla, asitembezwe kwenda kwenye gari, bali gari lisogezwe alipo.

Mimi nilinyweshwa maziwa. Wakinamama waliokuwa nami walinipenda na walifanya walichofundishwa, lakini maziwa hayaondoi aleji, na mtu ambaye koo linafunga anaweza kupaliwa nayo. Usimtapishe pia.

Jambo jingine linalohusu usiku huohuo: usikubali kurudishwa nyumbani mapema kwa sababu tu mabaka yamepotea. Aleji kali inaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia, bila kula kitu kingine chochote. Kituo nilichopelekwa kiliniruhusu baada ya kama saa moja. Saa 8 usiku nikaamka nimejaa mabaka upya na kifua kinabana. Omba ubaki chini ya uangalizi, na ukikataliwa, lala karibu na hospitali, uwe na mtu wa kukesha nawe.

Andika kabla hujalala mara ya pili

Kumbukumbu ya mlo inaharibika haraka kuliko mlo wenyewe. Kesho yake watu watakuwa wameshaamua ni nini kilichokudhuru, na wewe utaanza kukumbuka yale yanayofanana na uamuzi wao. Chukua daftari. Mimi nilitumia daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, na mwanangu ndiye aliyeandika kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Kilichoandikwa kilikuwa hivi. Saa 4 asubuhi, nilimsaidia wifi kumenya kamba kama kilo mbili. Saa 9 mchana, mbege nusu kata. Saa 12 jioni, diklofenaki. Saa 2:20 usiku, sahani ya bafe: pilau, ndizi nyama, kamba wa kukaanga watano au sita, kipande cha jodari, kachumbari, korosho, na waini pembeni. Saa 2:50, kucheza. Saa 3:05, viganja. Na kuendelea.

Hata saa pekee zimebeba maelezo mengi. Aleji ya chakula ya aina hii kwa kawaida inajitokeza ndani ya dakika chache hadi kama saa mbili baada ya kula. Mbege ya saa 9 mchana ilikuwa imeshapita mbali. Kuharisha kunakoanza kesho yake asubuhi pamoja na homa ni habari nyingine, ya chakula kilichoharibika. Usiandike tu "baada ya chakula", andika saa. Kama ulipiga picha ukumbini, simu imehifadhi muda wa kila picha, na ndivyo sisi tulivyohakikisha bafe ilifunguliwa saa ngapi.

Piga picha mabaka yakiwa bado yapo, kwenye mwanga mzuri, maana daktari utakayemwona baada ya wiki mbili atakuta ngozi safi. Chakula kilichobaki, kila aina, kitie kwenye mfuko wake, andika jina, weka friza. Si kwa ajili ya kukionja tena! Ni kwa sababu daktari anaweza kutaka kukitumia kwenye kipimo cha ngozi, na kwa sababu ukimwonyesha mpishi kipande chenyewe atakumbuka alichokitia.

Wengine waliokula walikuwaje?

Swali hili watu wengi hawaliulizi, nalo linaweza kumaliza nusu ya kesi kwa simu tatu.

Jodari, vibua na samaki wa jamii yao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria wanageuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili wetu unaimwaga wakati wa aleji. Ukimla samaki huyo unapata uso mwekundu wenye moto, kichwa kuuma, mapigo kwenda mbio, mabaka, wakati mwingine mdomo kuwasha kama umeng'ata pilipili. Yote haya yanatokea ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na kwa macho huwezi kutofautisha na aleji. Kupika hakuiondoi histamini, na kumgandisha samaki aliyekwisha kuharibika hakumrudishi. Tofauti ni kwamba hiyo ni sumu ya kila mtu. Waliokula samaki yuleyule kwa wingi wataugua wengi, hata kama hawajawahi kuwa na aleji maishani.

Kutoka Tanga hadi Moshi ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na Desemba huku chini hakuna baridi. Kwa hiyo jodari alikuwa mshukiwa wa kweli, na nilimshuku kabla ya kumshuku kamba. Kesho yake wifi yangu akawapigia waliokaa meza yetu na meza ya wakwe. Waliokula jodari ni kumi na mmoja, wakiwemo watoto watatu. Hakuna aliyewashwa hata sikio. Wakwe walisema barafu ilibadilishwa Korogwe. Jodari akatoka kwenye orodha yangu, ingawa kwa daktari niliendelea kumtaja.

Kama kwenu imetokea kinyume, yaani watu watano wamepata uso mwekundu kwa pamoja, usikubali kuandikiwa kwamba una aleji ya samaki maisha yako yote. Mwambie daktari kwamba mliugua wengi.

Mpishi anajua zaidi ya bafe

Nenda kwa heshima. Mpishi wa sherehe akisikia mgeni alianguka, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba analaumiwa, na mtu anayejitetea hakumbuki vizuri. Mimi nilikwenda na sukari kilo moja, nikamwambia, "Dada, chakula chako kilikuwa kizuri na watu mia tatu wamekula salama. Nisaidie tu kujua mimi nimeshindwa na nini."

Akanieleza bila kuficha. Mafuta yalikuwa karai moja: kamba walikaangwa kwanza, kisha jodari, kisha vitafunwa vya watoto. Hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Mtu anakula chipsi, anavimba, anaamini ana aleji ya viazi, kumbe mafuta yalitangulia kukaanga kamba. Uliza karai, uliza kijiko cha kupakulia, uliza ubao wa kukatia.

Uliza pia kama kamba walipakwa au kulowekwa dawa. Wapo wauzaji wanaotumia salfaiti ili kichwa cha kamba kisigeuke cheusi, na dawa hiyo inaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu hata kama kamba mwenyewe hana tatizo naye. Salfaiti hiyo imo pia kwenye waini na baadhi ya matunda makavu, kwa hiyo mwenye pumu ajiulize kama waini humbana kifua hata siku asiyokula kamba. Mimi pumu sina, na waini nilishainywa mara nyingi, haijawahi kunifanya kitu.

Kuhusu viungo, mpishi aliponitajia kitunguu saumu, ndimu na binzari niliviandika, lakini hivyo navila kila wiki. Korosho vilevile: zile za ukumbini zilitoka kwenye mfuko uleule tuliokuwa tunautafuna asubuhi tukimenya kamba.

Mwili wako nao uhojiwe

Daktari wa ngozi niliyemwona baada ya miezi saba, mama mtu mzima mwenye subira sana, alisoma ukurasa wangu wa daftari mara mbili. Kisha akaweka kidole, si kwenye kamba, bali kwenye "saa 12 jioni, diklofenaki" na "saa 2:50, kucheza".

Akanieleza kwamba kuna watu wanaokula kitu kilekile mara kadhaa wakapata muwasho mdogo tu, halafu siku moja wanaanguka, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na kitu cha kukichochea. Vichocheo vinavyofahamika ni dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, pombe, mazoezi au kazi nzito ndani ya saa chache baada ya kula, homa, na kwa baadhi ya wanawake siku zao za mwezi. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kwa muda. Mimi jioni ile nilikuwa na vitatu kwa pamoja.

Tena akaniambia diklofenaki yenyewe, bila chakula chochote, inaweza kumletea mtu mabaka na kuvimba. Kwa hiyo haikutosha kuiita kichocheo, ilibidi ihojiwe kama mshukiwa kamili. Niliwahi kuimeza mara nyingi, ya mwisho ikiwa kama wiki mbili kabla ya sendofu, bila kitu chochote. Hata hivyo hakuniruhusu kuimeza nyumbani kujaribu. Aliniweka kwenye parasetamoli mpaka siku aliyonipa diklofenaki mbele yake, nimekaa kitandani, adrenalini ikiwa mezani. Sikupata hata chafya.

Andika dawa zote basi, hata zile unazoona si dawa: ya mgongo, ya tumbo la mwezi, ya mafua, ya kienyeji. Watu wengi wakiulizwa "unatumia dawa yoyote?" wanajibu hapana, kwa sababu kidonge cha maumivu hawakihesabu.

Rudi nyuma, tafuta dalili ndogo

Aleji ya kamba inaweza kuanza ukubwani, kwa mtu aliyewala miaka mingi bila shida. Mara nyingi tukio kubwa lilitanguliwa na madogo yaliyopuuzwa.

Langu la kwanza lilikuwa asubuhi ileile. Nilipomenya kamba, viganja na mikono mpaka kiwikoni viliwasha, nikasema ni ndimu. La pili nililikumbuka daktari aliponiuliza kama nafuga. Nafuga kuku wa mayai mia na ishirini huku Pasua, na chakula nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chokaa, na dagaa wa kuku ninaonunua Mbuyuni kwa debe. Kila siku ya kuchanganya nilikuwa napiga chafya, macho yanawasha, mikono inatoka vipele. Miaka miwili nilijua ni vumbi la pumba.

Nilipofika nyumbani nikamwaga dagaa wale kwenye ungo, nikawasha taa, nikawachambua mmoja mmoja kama mchele wa harusi. Kati ya dagaa kulikuwa na vidudu vyepesi vya rangi ya chungwa iliyopauka, vimejikunja, vina ndevu. Ni uduvi, yaani kamba wadogo, wa ziwani. Kwenye Ziwa Victoria dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na uduvi wadogo wa maji baridi wanaingia wavuni pamoja nao. Wanaochambuliwa vizuri huuzwa kwa watu, mchanganyiko unaenda kwenye chakula cha mifugo. Yaani nilikuwa napumua unga wa kamba kila Jumamosi. Nilikaa na ule ungo muda mrefu. Ndipo nilipoelewa kwa nini daktari aliniuliza habari za kuku.

Kwa hiyo jiulize: nimewahi kuwashwa mdomo au kaakaa nikila kamba, kaa, au supu yao? Nimewahi kuwashwa nikiwamenya, au kukohoa nikisimama karibu na sufuria linalochemka? Mvuke wa kamba wanaopikwa unabeba kitu kilekile na unatosha kwa baadhi ya watu. Nafanya kazi gani inayonikutanisha na dagaa wakavu au chakula cha kuku?

Kitu chenyewe ni nini

Nyama ya kamba, kaa, kamba kochi na uduvi ina protini inayoitwa tropomiosini. Hiyo ndiyo mara nyingi inayouchokoza mwili. Haivunjwi na moto, kwa hiyo kuwachemsha sana au kuwakausha hakusaidii. Samaki wenye mapezi hawana tatizo hilo. Aleji yao inatokana na protini nyingine kabisa. Ndiyo maana kauli ya "viache vyote vya baharini" ilikuwa kubwa kuliko ukweli. Madini joto nayo si protini, na hayahusiani na aleji ya kamba. Kwa watu wa milimani kama sisi, tunaowajua wazee wenye rovu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini hayo, kumtisha mtu asile chumvi yenye madini joto ni kumletea ugonjwa mwingine.

Upande wa pili, protini hiyo ina ndugu zake kwa viumbe visivyo vya baharini: wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani wasioonekana kwa macho, mende, na wadudu tunaowala. Mtu mwenye aleji ya kamba akiletewa senene kutoka Bukoba au kumbikumbi, asionje kabla ya kuzungumza na daktari. Hili sikuwahi kulisikia popote kabla ya siku ile, na shangazi yake mume wangu hutuletea senene kila mwaka.

Pweza, ngisi, chaza na konokono ni kundi jingine lenye tropomiosini yake, inayofanana kidogo. Wapo wanaodhurika na makundi yote mawili, wapo wanaodhurika na moja tu. Anayedhurika na kamba ana uwezekano mkubwa wa kudhurika na kaa.

Vipimo, na namna ya kuvisoma

Vipo viwili vya kawaida. Cha ngozi: tone la kitu kinachoshukiwa linawekwa mkononi, ngozi inachomwa juu juu, unasubiri dakika 15 hadi 20. Uvimbe ukifika milimita 3 au zaidi kupita tone la kulinganishia, umejibu. Vidonge vya aleji vinaficha majibu, kwa kawaida vinasimamishwa kama wiki nzima kabla, kwa ruhusa ya daktari. Pia hakifanywi mara tu baada ya tukio kali, unasubiri wiki kadhaa. Cha pili ni cha damu, kinachopima kingamwili za aina ya IgE kwa kila kitu kivyake, nacho hakisumbuliwi na vidonge.

Mimi nilitolewa damu Arusha, sampuli ikasafirishwa. Majibu: kamba 6.2, kaa 4.8, wadudu wa vumbi 14, jodari na sato chini ya 0.1, korosho chini ya 0.1. Mpaka unaotumiwa na maabara nyingi ni 0.35. Nilipoona 14 nilishtuka nikidhani vumbi ndilo lililotaka kuniua. Daktari akanituliza: namba kubwa haimaanishi tukio kali zaidi, inaonyesha tu kwamba mwili unakitambua kitu hicho. Wapo wengi wenye majibu chanya ya kamba wanaowala kila siku bila shida, hasa wenye aleji ya vumbi, kwa sababu ya ule undugu wa protini. Kipimo peke yake hakihukumu. Kinachohukumu ni kipimo kikiungana na historia, na historia yangu ilikuwa kwenye ukurasa wa daftari: kumenya, kula, dakika 45, vichocheo, ungo wa dagaa.

Ndiyo sababu usiombe kupimwa vitu mia kwa mara moja. Utarudi na orodha ya kukutisha na hutajua ule nini. Peleka washukiwa wanne au watano waliobaki baada ya kuuliza maswali. Na tafadhali, mtu akija na mashine ya kushika kiganjani inayosema aleji zako zote kwa dakika moja, usimpe pesa yako. Vipimo vya vyakula vya IgG, kingamwili za aina nyingine, navyo havitambui aleji, vinaonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho.

Yakibaki mashaka, kipimo cha mwisho ni kula kitu chenyewe kidogo kidogo hospitalini, daktari akiwa pembeni na adrenalini tayari. Mimi nilikula jodari hivyo: kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, kisha dole gumba, kisha kipande kizima, nikakaa saa kadhaa. Nililia, si kwa kuumwa. Kamba hakunijaribisha, ushahidi ulitosha. Nyumbani usijaribu kamwe. Hakuna "kidogo tu nione" kwa mtu aliyewahi kukabwa koo.

Ninavyoishi sasa

Daktari alinipa barua yenye jina la kitu kimoja na jamaa zake, badala ya "vya baharini". Akanipa ampuli ya adrenalini na bomba lake, akanifundisha mimi na mwanangu kuvuta nusu mililita na kuchoma paja, tukafanyia mazoezi kwenye chungwa. Hicho ni kipimo alichonipangia mimi, wako apangiwe na wake, na mtoto ni tofauti na mtu mzima. Inakaa kwenye pochi, si kabatini. Diklofenaki siimezi siku ya sherehe.

Dagaa wa kula nanunua kwa mama mmoja Mbuyuni anayejua habari yangu, na bado nawamwaga kwenye ungo kabla ya kuwaosha. Nikikuta uduvi hata mmoja, fungu zima linakwenda kwa jirani. Chakula cha kuku anachanganya kijana, nami nimebadilisha dagaa kwa mashudu ya soya.

Nikialikwa, siku moja kabla nampigia mpishi na kumuuliza mambo matatu: kuna kamba au kaa? Mafuta ni karai moja? Supu au mchuzi umetiwa nini? Kwenye harusi ya kaka yake yule binti, mpishi wetu wa siku ile alikuwa yeyeyule. Alinipakulia sahani yangu na kuifunika kabla karai la kamba halijabandikwa jikoni, na akaniletea mwenyewe mezani. Ilikuwa pilau, kachumbari, na kipande kikubwa cha jodari.